Prof Léopold na Insha Isiyo na Kosa

"Kiingereza ni Kifaransa chenye kimevaa kaptula! Munipatie myezi tatu tu, nitakuwa naota mu Kiingereza, na bibi yangu atasikia nakoroma mu Kiingereza!"

Aliyasema hayo Prof Léopold kwenye harusi ya jirani yetu Bienfait, hapa Misiera, kijiji chetu cha kambini, akiwa ameshika maikrofoni ambayo hakuna mtu aliyempa. Ilikuwa zamu ya wajomba wa bibi harusi kusema neno. Wajomba wakakaa chini, wakacheka na sisi wote, na mtu wa muziki akampigia kipande cha ngoma kana kwamba amefunga bao. Goretti, mke wake, peke yake ndiye aliyeinamia sahani ya wali kama mtu anayetafuta mawe.

Tulimwita Prof kwa sababu kule Uvira, Kongo, alifundisha sekondari miaka mingi, historia na jiografia, na kwa sababu hata foleni ya maji aliipanga kama darasa, wafupi mbele, warefu nyuma. Alipoingia Nakivale, kambi hii ya wakimbizi ya Uganda, alipitia kituo cha mapokezi cha Kabazana kama sisi sote, akalala chini ya turubai lile lile, akala maharage yale yale yasiyoiva. Lakini wanasema alimsahihisha karani aliyekuwa anamwandikisha. Wengine tulifika na masufuria. Yeye alifika na tai.

Nisimcheke sana, maana safari hii alikuwa na sababu ya kujigamba. Chuo kikuu kimoja cha Kanada kilikuwa kimekubali kumpokea asomee ualimu upya, bila ada, tena aende na Goretti na watoto. Kwa watu ambao posho yao imekatwa mpaka imebaki harufu, unaweza kufikiria furaha ya nyumba ile. Sharti lilikuwa moja: afanye mtihani wa Kiingereza, ule wa watu wanaotaka kusoma ng'ambo, na asipate chini ya sita kati ya tisa katika sehemu yoyote. Shirika fulani likakubali kumlipia. Mara moja tu, walimwambia, wakamsainisha.

Basi akaanza na msamiati wa kitaaluma, yaani yale maneno makubwa ambayo Waingereza wenyewe hawayatumii wakinunua nyanya. Aliyaandika kwenye vipande vya maboksi ya sabuni, akayabandika nyumba nzima. Mlangoni "significant". Ukutani juu ya masufuria "consequently". Kwenye jerikani ya maji akabandika "sustainable", maana yake kitu kinachodumu, na jerikani yenyewe ilikuwa inavuja. Kwa mtu wa Kifaransa, maneno hayo mengi ni binamu, na kweli aliyaokota haraka kama kuku kwenye mahindi yaliyomwagika. Mimi nilikuwa namhoji jioni, kwa kuwa nilisoma nusu ya diploma Mbarara, na nusu hiyo ilikuwa ya Kiingereza.

"Prof, 'mitigate' maana yake?"

"Kupunguza ubaya wa kitu. Endelea, petit. Usinipatie maulizo ya batoto." Petit, yaani mdogo, ndivyo alivyoniita.

Maneno hayakumshinda. Shida ilianza na insha.

Pale Mbarara kuna mwalimu anaitwa Nehemiya, Mnyankore mpole, amekodi chumba juu ya duka la rangi na kila Jumamosi anafundisha watu wa mtihani huo. Aliwagawia insha chache za mfano, zilizoandikwa vizuri, waone mtu anavyofungua hoja, anavyoisimamisha, anavyoifunga. Wanafunzi wengine walizisoma. Prof alizimeza.

Hapo lazima ujue sisi tulivyosoma kwetu. Mwalimu anatamka, mwanafunzi anaandika. Siku ya mtihani mwanafunzi anamrudishia mwalimu maneno yake mwenyewe, nukta kwa nukta. Ukibadilisha neno umepoteza alama, ukiongeza la kwako umemtukana. Ndiyo maana wiki ya mtihani utaona watoto barabarani, mikono nyuma, midomo inacheza kama ya sungura. Kushika par cœur, yaani kichwani bila kitabu, ndiyo akili yenyewe, ndiyo heshima. Na Prof alikuwa bingwa wa mchezo huo pande zote mbili za ubao.

Kwa hiyo kila asubuhi alitembea kuelekea ziwani, mikono nyuma, akikariri insha ya mabasi ya jiji kubwa, insha ya moshi wa viwanda, insha ya namna simu zilivyobadilisha mawasiliano. Wavuvi walimsalimia. Aliwajibu kwa aya ya pili.

Nehemiya aligundua mapema. Siku hiyo nilikuwa nimemsindikiza Prof mjini.

"Mwalimu, wewe nashika hii maneno kama wimbo ya kanisa," Nehemiya alimwambia. "Hapana, ssebo, bwana wangu. Ile watu ya mtihani nataka ya kwako. Mbaya kidogo, sawa, lakini ya kwako. Ukipeleka ya mutu ingine, watajua."

"Batajua namna gani?"

"Watajua tu. Wamesoma mingi."

Prof alirekebisha tai. "Mwalimu mwenzangu, kwangu mwanafunzi mwenye alibadilisha neno yangu, nilimutilia zéro. Sasa mi nibadilishe neno ya Muzungu, mu luga yake mwenyewe? Mi niko nani?"

Nehemiya akanitazama mimi, kama mtu anayeomba msaada. Mimi nikatazama dirishani. Chini barabarani bodaboda ilikuwa inapita imepakia sofa.

Nilijaribu kwa njia yangu. Alasiri moja nikampa swali nyumbani kwake: aeleze kwa nini wakulima wa hapa wanapata shida mvua ikichelewa. Akaandika mbio, bila kusimama, akanikabidhi karatasi huku anapuliza wino ukauke. Nikasoma. Mvua ilitajwa mara moja, kwenye mstari wa kwanza, kama mgeni aliyekosea nyumba. Kilichobaki chote kilikuwa mabasi ya jiji.

Goretti alikuwa ameketi kizingitini anapukuchua mahindi. Akaniomba nimtafsirie. Nikamtafsiria.

"Baba Élyse," alisema, "huyu kijana amekuuliza mvua, weye unamujibu bisi. Mi nikikuuliza chumvi iko fasi gani, utanielezea habari ya ndege?"

"Goretti, ile ni style académique, namna banaandika ku chuo kikuu."

"Sawa. Na chumvi iko fasi gani?"

Tulicheka mpaka Prof mwenyewe akacheka. Laiti tungegombana.

Maana Goretti, pamoja na ulimi wake, alimwamini mume wake kuliko alivyoonyesha. Msimu wa kupanda ulipofika, mtihani ukiwa umekaribia, Prof alitangaza kwamba mke wa mtu wa Kanada hawezi kushika jembe. Goretti akaenda kwa jirani yao Pulchérie, mama wa Kirundi, akampa shamba lao alime misimu miwili, na mbegu za maharage akampa juu yake. Pulchérie si mjinga. Alileta wamama wawili wawe mashahidi, wakaonyeshana mipaka, wakanywa pombe ya ndizi kwa mrija mmoja. Hapa kwetu shamba lililonywewa hivyo halirudishwi kwa maneno matupu.

Siku ya mtihani nilimngoja nje ya jengo la Mbarara walimoweka kompyuta za mtihani. Alitoka anakimbia, mtu mzima, tai imekwenda mgongoni.

"Simu! Petit, baliuliza simu! Nimeiweka yote! Hakuna hata virgule, hata nukta moja ilibakia!"

"Waliuliza nini hasa kuhusu simu, Prof?"

"Kama batoto bachukue simu ku masomo ao basichukue."

"Na wewe ukajibu?"

"Namna simu zilibadilisha mawasiliano. Ile ya page ya ine."

"Lakini, Prof, ya watoto shuleni..."

"Petit. Simu ni simu."

Nikamrudishia tai kifuani. Alikuwa amefurahi namna ambayo sijawahi kuiona usoni mwake. Alininunulia soda, akanunua na yake, akainywa amefumba macho. Jioni Misiera yote ilijua. Goretti alichinja jogoo, na Pulchérie akaletewa paja.

Matokeo yalimkuta mbele ya kibanda cha kuchajia simu, watu wamejaa. Kusoma, saba. Kusikiliza, sita na nusu. Kuzungumza, sita. Kuandika, tatu.

Akaipangusa simu kwa shati, kana kwamba ile tatu ni uchafu. Kisha akanivuta mkono mpaka nyumbani kwake, akachukua karatasi, akaiandika insha upya yote kutoka kichwani, mwanzo hadi mwisho.

"Tafuta kosa," aliniambia. "Unionyeshe kosa iko fasi gani. Moja tu!"

Nikatafuta kweli. Halikuwepo. Kila neno kubwa lilikuwa mahali pake, limenyooka kama askari wa gwaride. Hakijawahi kuandikwa Misiera Kiingereza safi kama kile, na hakuna sentensi yake hata moja iliyokuwa inamjibu mtu.

"Mimi nilisema," Nehemiya aliniambia kwenye simu, bila furaha yoyote. "Pole yake. Pole ya bibi yake."

Goretti hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alivuka njia akaenda kwa Pulchérie, nami nikamfuata kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Pulchérie alikuwa shambani anapalilia. Maharage yalikuwa yameshatoa majani, mistari mizuri, ya kijani.

"Nimesikia, dada," Pulchérie alisema. Akasimama, akaegemea jembe. "Lakini ona, yameshaota. Unataka niyang'oe?"

Goretti aliinama akagusa jani moja. Mbegu zilikuwa zake.

"Hapana. Usiyang'oe."

Kanada waliandika kwamba nafasi wataishika mpaka mwisho wa Agosti, akileta alama mpya. Baada ya hapo watampa mwingine. Shirika nalo likasema mara moja ni mara moja, na kweli saini ilikuwepo.

Sasa Prof na Goretti wanalimia watu kibarua kule Rugaaga, nje ya kambi, kila mmoja shilingi elfu tano kwa siku. Wanatoka kabla jua halijapanda, Prof mbele na jembe begani, bila tai. Mkono uliozoea chaki ulipasuka siku ya kwanza, akaufunga kitambaa, akaendelea. Vijana wa Misiera, akipita, wanamkoromea: "Khrrr, yes, yes, khrrr!" Goretti huwageukia akawatukana kwa Kifuliiru, lugha ya kwao, mmoja mmoja, pamoja na ukoo. Prof hageuki. Nyumbani vile vipande vya maboksi bado vimebandikwa, kasoro kile cha jerikani. Kilinyonya maji kikadondoka.

Jumapili iliyopita alikuja kwangu baada ya misa. Hakukaa mpaka nilipomwambia akae.

"Petit, unifundishe kuandika yangu."

"Yako ipi, Prof?"

"Sijui. Ile Nehemiya alisema. Yangu."

Nikampa kalamu. Nikamwambia aandike sentensi moja tu, habari ya kweli, kitu alichokiona mwenyewe. Akaandika neno moja kubwa la kufungulia hoja, akalikata. Akaandika "It is widely believed", yaani watu wengi wanaamini, akasimama, akalikata nalo. Jasho lilikuwa linamtiririka kana kwamba bado yuko Rugaaga.

"Yanakataa," alisema.

"Nini?"

"Maneno. Iko mingi mu kichwa, lakini yote ni ya benyewe, ya batu bengine. Nikivuta moja, yanakuja na wenzake yote, na mi sikuyaita."

Akakata tena. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshafika miguuni mwetu alipoinama, akaandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, akasimama wima kunikabidhi karatasi. "My wife gave the field." Mke wangu alitoa shamba.

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, kama kawaida yangu. Nikaumeza.

"Iko na kosa?" aliuliza.

"Haina kosa, Prof."

"Hakuna neno kubwa mo ndani."

"Hakuna. Lakini hiyo umeiandika wewe."

Akakaa chini. Goretti alikuwa amekuja akasimama mlangoni, mikono imejikunja kifuani, anamtazama mume wake na ile karatasi.

"Mutihani ingine ni bei gani?" aliniuliza yeye. "Ile ya kwanza alisaini tu, hatukuuliza."

Nikampigia Nehemiya, nikaweka sauti ya simu juu wote wasikie. Nehemiya akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za mvua, kisha akajibu.

Kufanya mtihani upya ni shilingi laki tisa na elfu themanini.