Nusu Kidonge

Vidonge vyenyewe vilikuwa vidogo, vyeupe, na mimi ndiye niliyekuwa nikivikata, kwa kisu cha samaki.

Dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, alikuwa amekatwa titi kwa sababu ya kansa. Tuliporudi Nchelenge, huku Zambia tunakoishi, maneno ya daktari niliyabeba mimi: uvimbe umetoka, lakini mbegu zake huenda zimebaki mwilini, ameze kidonge kimoja kila siku, kwa miaka, ili zisisambae. Alisema kuna watu waliohangaika muda mrefu kuitafuta dawa hiyo na kipimo chake. Niliitikia tu. Nilikuwa nawaza basi la Mansa la kuturudisha nyumbani.

Kisha jirani yetu, Mzambia tuliyekausha naye samaki pale Kabuta, kando ya ziwa, akafungua kitenge chake akanionyesha uvimbe titini. Hospitali aliiogopa. Sasa, sisi tuliovuka kutoka Kongo tukikimbia vita tuna mazoea yetu: dawa hailiwi peke yako. Kambini tuligawana hata kidonge cha malaria. Na dada, nilijiambia, amepona. Anakula bukari, ugali wetu, anabishana nami kutwa nzima. Mgonjwa ni huyu. Basi nikaanza kukata, nusu huku, nusu kule. Nilijiona mtu mwema kweli, mjinga mimi.

"Juu ya nini inakuwa kadogo?" dada aliniuliza siku moja.

"Banageuza, yaya. Sasa banatengeneza ya kadogo."

Akameza. Aliniamini.

Jirani hakwenda hospitali; ya nini, na dawa anayo? Tulimzika kabla ziwa halijafungwa kwa ile miezi ya kuzuia uvuvi. Hapo nikatupa kile kisu, nikaanza kumpa dada kidonge kizima. Lakini mgongo ulikuwa umeshaanza kumuuma.

Tukarudi kwa daktari. Aliinua picha kwenye mwanga, akasema ugonjwa umeingia mifupani. Akamuuliza dada kama alimeza dawa kila siku bila kukosa, maana kama alimeza sawasawa, basi hiyo haimfai na itabidi waiache.

Nilikuwa nimekaa pale pale, bega kwa bega naye. Ilikuwa zamu yangu kusema, nami nilijua.

"Kila siku, dokta," dada alijibu, akanishika goti. "Mudogo yangu njo ananipatiaka, na mukono yake."

Daktari akaandika kwamba dawa imeshindwa. Nilimtazama akiandika mpaka akamaliza, kisha nikamwinua dada, tukatoka.