Kichujio Kisichotoa Sababu

Amoit hutunza tovuti ya chama cha wafanyabiashara hapa Busia, katika ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la mbolea. Akiulizwa kanisani anafanya kazi gani, husema analinda mlango. Na ni kweli. Baada ya wahuni kuichezea tovuti mwaka jana, aliweka mbele yake kichujio, programu ya kukagua kila anayeingia na kumfukuza asiyefaa. Kilifukuza vizuri sana, na hakikumwambia mtu sababu, hata Amoit mwenyewe.

Maombi ya vibanda vya soko jipya, yanayopitia tovuti hiyo, yakiwa karibu kufungwa, Mama Roselida, muuza dagaa wa omena, alipanda ngazi na simu mkononi.

"Amoit, ambia Makokha aache."

Makokha ndiye mwenyekiti wa chama.

"Aache nini, mama?"

"Kunikataa. Naandika jina, nabonyeza, naambiwa ombi limekataliwa. Tangu niseme mbele ya watu mizani yake inapunja, ananitafuta. Na nikikosa kibanda nitauzia wapi, barabarani?"

"Mzee Makokha haingii huku ndani, mama."

"Basi ametuma mtu. Jumapili sikumpa mkono wa amani. Nilimpa Callistus, aliyeketi kando yake, mara mbili."

Amoit alitafuta aone ni kwa nini. Hakukuwa na kitu kilichoandikwa. Kichujio kilikuwa na sheria nyingi, na yoyote ingeweza kumkataa huyu mama. Angekizima tu, Roselida apite, na wahuni wapite nyuma yake. Badala yake aliketi akakifundisha kuandika: kila kikikataa mtu kiweke saa, ukurasa aliotaka, sheria iliyomzuia na sababu yenyewe kwa maneno ya kueleweka. Namba za kitambulisho na za siri akakikataza kuziandika, maana mambo ya watu hayaanikwi. Tena kimpe aliyekataliwa namba ya tukio, ili akija kulalamika aje na namba, asije na jina la Makokha.

"Jaribu sasa, mama."

Roselida akabonyeza. Akakataliwa, akapewa namba. Amoit akaitafuta, akasoma.

"Inasema wewe ni mtu wa nje. Umetoka Uganda."

"Mimi nimezaliwa Butula."

"Simu yako iko na laini ya wapi?"

"Ya Uganda. Bando yao ni rahisi. Kwani yako?"

Amoit akakohoa kidogo. Yake pia ilikuwa ya Uganda, kama ya nusu ya soko. Sheria ya kuzuia walio nje ya nchi aliiweka yeye mwenyewe, akiwa ameketi mahali ambapo dirishani unaona nguo za Uganda zikikauka ng'ambo ya mpaka. Ila aliijaribu kwa kompyuta ya ofisi, ambayo intaneti yake ni ya Kenya.

Akaibadilisha: wa nje waandikwe tu, wasifukuzwe. Ombi likapita. Kisha akatangaza kwenye kundi la WhatsApp la chama kwamba waliokataliwa wajaribu tena. Wa kwanza kushukuru kwamba sasa amepita alikuwa Makokha.

Jumapili, wakati wa kupeana amani, Amoit alimwona Roselida akitoka kwenye benchi lake, akavuka kanisa zima hadi kwa mwenyekiti.

"Amani, mzee. Nimekusamehe."

"Asante, mama," Makokha akasema, bado amemshika mkono. "Kwani nilikukosea nini?"

Roselida alifikiria.

"Imebaki mizani."