Sola ya Shemeji

Mtaa mzima walimwita Kioo, na jina hilo hakulipata kwa uzuri wa sura. Jamani, sura yake ni ya kawaida tu, tena ya kuhurumiwa. Alilipata kwa ugonjwa wa kung'arisha vitu. Kinyozi huyu alikuwa na kiti kimoja, vioo viwili na kitambaa kisichomtoka begani, na chochote kilichotulia mbele yake dakika mbili kilifutwa, kiwe kikombe, kitasa au upara wa mteja.

Basi mtaa ulipochoshwa na umeme wa shirika, uliokuwa ukija kwa maringo na kuondoka bila kuaga, watu wakaunda chama chao. Kila mwanachama akanunua sola moja, zote zikafungwa mstari mmoja juu ya paa la ghala la zamani, kila moja na namba ya mwenyewe. Betri zikakaa ndani ya ghala, nyaya zikaenda majumbani. Umeme ukawa wao, hakuna wa kuwazimia. Kioo alifurahi mpaka akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: HAPA MASHINE HAIZIMI.

Kila Jumamosi asubuhi watu walipanda kuosha sola zao, kila mtu yake. Kuigusa ya mwenzako ilikuwa marufuku mpaka umwombe mwenyewe kwa mdomo wako. Na sheria hiyo ya ajabu aliitunga nani? Kioo huyo huyo, akaipigania kikaoni mpaka mate yakamkauka. Yote hayo kwa sababu ya shemeji yake.

Shemeji alikuwa mjane wa kaka yake, mshonaji wa nguo, mlango wa tatu kutoka kwa kinyozi. Siku ya kugawana nafasi, kila mtu aliokota kikaratasi. Shemeji akaokota namba moja, ile iliyo karibu kabisa na betri. Kioo akaokota namba mbili. Mtu mzima na akili zake akaamini kwamba umeme hupita kwanza kwa namba moja, ukanywewa huko mpaka watosheke, halafu yeye ndipo aletewe makombo. Na kwa kuwa fundi aliyezifunga sola alikuwa binti wa shemeji, Kioo akasimama mbele ya kikao kizima akasema vikaratasi vimepikwa.

Shemeji akampandisha na kumshusha kwa macho. "Kuanzia leo tusisalimiane," akasema, akachukua mkoba wake akaenda zake.

Mwaka na nusu hawakusalimiana! Watu waliokuwa wakitaniana tangu marehemu yu hai, sasa wakikutana njiani mmoja anaangalia mawingu, mwingine anaangalia viatu. Kioo alikuwa na ngazi, ngazi ndefu pekee mtaani, na aliwaazima watu wote isipokuwa shemeji yake. Shemeji hakubabaika. Binti yake alikuwa akikanyaga nondo za dirisha, mara yuko juu ya paa, ameosha, ameshuka.

Lakini binti akaenda masomoni miezi mitatu. Namba moja ikabaki bila mwoshaji. Vumbi likalala, ndege wakaja wakafanya yao, vumbi jingine likalala juu yake. Kila Jumamosi Kioo alipanda kuisugua namba mbili mpaka akaweza kuchana sharubu zake humo, kisha anageuka kuitazama ya jirani, na roho yake inakuwa kwatu. "Acha wakae gizani," alinong'ona. Hasidi hana haya hata akiwa peke yake juu ya paa.

Kitu kimoja tu kilimkera. Mashine ya kunyolea ilianza kukohoa. Taa zikawa na rangi ya chai ya maziwa. Muuza soda akalalamika friji yake haigandishi, Kioo akalaumu mawingu. Siku ya jua kali akalaumu betri. Siku ya tatu akailaumu mashine yenyewe, akaifungua, akaifuta, akaifunga.

Ndipo ikafika Jumamosi ya bwana harusi.

Kijana alikuja saa tatu asubuhi, ndoa yake saa saba. Alikuwa mtoto wa muuza soda, na nusu ya mtaa ilikuwa imealikwa. Kioo alijua wazi kwamba kichwa hicho kitatazamwa na macho mia tatu, na kwamba kinyozi mpya wa njia panda, mwenye jenereta, anangoja akosee mara moja tu. Akamfunga shuka shingoni, akaanza upande wa kulia. Akaushusha vizuri, akauchonga sikioni, kazi safi kabisa. Alipoweka mashine upande wa kushoto, ikalia kama nzi aliyenaswa, ikanyamaza.

"Imekuwaje?" akauliza bwana harusi.

"Inapumzika," akasema Kioo, jasho jembamba likimtoka.

Akajaribu mashine ya akiba. Hiyo ilikuwa haijachajiwa wiki nzima. Akashika wembe.

"Usithubutu!" Bwana harusi aliruka na shuka lake. "Mchumba wangu amesema nikienda na kipara anarudi kwao!"

Kioo akatoka mbio hadi ghala. Humo akamkuta binti wa shemeji, aliyerudi jana yake, amechuchumaa mbele ya betri akiwa na kipimo mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu, nimekufa! Betri zenu zimeoza!"

"Betri ni nzima, ila hazijashiba." Binti akasimama akajipangusa magoti. "Umeenda kuiona sola ya mama?"

"Ya mama yako inanihusu nini? Yangu inang'aa!"

"Yako inang'aa bure. Hizi zote zimeungwa moja baada ya nyingine, baba. Ni kama watu wamejipanga kupokezana ndoo. Wewe una mikono ya chuma, lakini mwenzako akilemewa, ndoo inasimama kwa wote. Mama alipokuwa amefunikwa na mavi ya ndege, na wewe ulikuwa umefunikwa."

Kioo akainua macho kwenye dari la ghala. Miezi mitatu alikuwa akipanda juu kufurahia kifo cha mashine yake mwenyewe.

"Basi panda ukaoshe, mwanangu. Fanya haraka!"

"Mama amenikataza kuigusa," binti akasema, akiuma mdomo asicheke. "Na sheria yako inataka umwombe mwenyewe. Kwa mdomo wako."

Mlango wa tatu haujawahi kuwa mbali kiasi kile. Kioo alitembea na ndoo mkono mmoja, ngazi begani, na nyuma yake bwana harusi mwenye shuka shingoni na kichwa cha watu wawili. Watu wakatoka nje kutazama, maana tamasha la bure namna hiyo halipatikani kila siku.

Akabisha. Shemeji akafungua, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Hakuangalia viatu. Alimwangalia yeye.

"Shemeji," akasema Kioo. "Vikaratasi havikupikwa. Nilisema uongo mbele za watu, na nimeona aibu tangu siku ile. Naomba uniruhusu niioshe sola yako."

Shemeji akaikunja futi yake taratibu, pindo kwa pindo, mpaka bwana harusi akaanza kulia kidogo.

"Kaoshe," akasema.

Akaja naye, akaishika ngazi kwa chini. Kioo akamwaga maji, akasugua. Uchafu ukateremka mweusi mpaka kwenye mfereji wa paa. "Umeruka kona," shemeji akapiga kelele. "Hiyo ya kushoto! Au macho yamezeeka?" Kioo akaisugua kona.

"Lakini shemeji," akauliza kutoka juu, "huu mtaa una watu. Mbona hukumwomba mtu yeyote akuoshee?"

"Wamekuja wanne kuniomba. Wote nimewakataa."

"Umewakataa? Na wewe mwenyewe unashona kwenye giza?"

"Ingeoshwa, wewe ungekuja kwangu kufanya nini?" Sauti yake ilikuwa imepungua. "Tangu kaka yako afariki, nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja wa kunichokoza. Na yeye akaninunia."

Kioo akainamia namba moja. Akaendelea kusugua mahali palipokwisha takata.

"Baba mdogo!" binti akaita kutoka mlangoni mwa kinyozi. "Mashine inanguruma! Bwana harusi amekaa kitini!"

"Mwambie anisubiri," akasema Kioo, akijifuta macho kwa kitambaa cha begani. "Naongea na shemeji yangu."