Sahihi ya Radi kwenye Hogo la Masanja

Enzi zetu kule Bukene, mchezaji wa mpira hukumjua kwa sura, ulimjua kwa redio. Jumapili tukitoka ibadani tulianika betri juani zipate nguvu, kisha tukakaa chini tukitafuna michembe ya viazi vikavu na karanga, tukimsikiliza Radi, mshambuliaji wa timu ya mkoa wetu, akiwatesa mabeki wa watu. Chochote chenye sahihi yake tulikitafuta: picha ya gazeti aliyotuletea binamu kutoka mtaa wa Ng'ambo kule Tabora mjini, kadi iliyochanika, hata soksi moja tuliyoapiwa kuwa ni yake. Baba, mzee wa kanisa na mkulima hasa, aliviita takataka. Kwake mpira ulikuwa kazi ya watu wasio na shamba.

Mdogo wangu Masanja alivunjika mkono kwenye mechi ya chandimu mtaani, akafungwa hogo la plasta. Alikuwa nalo bado siku treni iliyobeba timu kwenda Mwanza iliposimama stesheni kwetu. Wenzake walinyoosha madaftari. Yeye hakuwa na kitu, akanyoosha mkono. Radi akacheka, akainama dirishani na kalamu, akaandika jina lake lote juu ya ile plasta.

Basi Masanja akawa mfalme wa Bukene. Siku ya kufunguliwa hogo ilipofika, alitorokea kwa mjomba machungani, akakaa huko wiki kadhaa. Aliporudi alilala amejifunika kanga ya mama, na ni mama aliyesikia harufu. Baba alimbeba kwa baiskeli hadi hospitali, nami nikikimbia nyuma.

Daktari akapasua ile plasta. Ngozi ilikuwa imeoza, na funza walikuwa wakitembea humo. Daktari akamwambia baba kwamba wangechelewa kidogo tu, mkono ungekatwa. Masanja wala hakuutazama mkono wake. Alilia akiangalia vipande vikitupwa kwenye ndoo.

Hapo baba akanishtua kuliko wale funza. Aliinama, akaomba apewe kipande chenye maandishi. Daktari akakataa, akasema ni uchafu.

"Mwanangu alikuwa tayari kupoteza mkono kwa ajili ya hiki," baba akasema taratibu. "Siwezi tena kumwambia ni takataka."

Daktari akampa, naye baba akakisafisha mwenyewe kwa dawa, akakianika, akakichongea kisanduku cha mninga. Mkono ulipona, ingawa hadi leo haunyooki sawasawa.

Watoto wa siku hizi wana bahati, wachezaji wanawakumbatia kabisa. Juzi mwanangu alipiga picha na nyota mmoja uwanjani Tabora, akawaonyesha rafiki zake hata kabla ya kumwambia yule nyota asante. Haikupita wiki, simu ikadumbukia kwenye ndoo ya maji na picha zote zikapotea. Nilimfuata chumbani, nikitafuta maneno ya kumfariji.

"Mama, ni picha tu," akasema. "Nitapiga nyingine."

Nikabaki nimesimama mlangoni, na pole yangu mdomoni, sijui nimpe nani.