Fundi wa Uyole anayetoa upepo kwenye breki

Saa tatu asubuhi, Uyole. Ukungu bado haujaamua kama unaondoka au unakunywa chai kwanza. Yotamu Mwakibete, fundi baiskeli mwenye miaka arobaini na mitatu, amepiga goti mbele ya baiskeli ya milimani ya mtumba, bomba la sindano mkononi, kama daktari wa mifugo aliyekimbiwa na ng'ombe.

Bomba halina dawa, lina oili. Ameliunganisha na breki ya mbele kwa mpira mwembamba, anasukuma taratibu huku akigonga paipu kwa mpini wa bisibisi. Juu, kwenye mkono wa breki, vipovu vinatoka kimoja kimoja.

"Huo ndio upepo," anasema. "Ukibaki humo, ukibana breki unahisi kama unakamua sifongo. Ukiisha, kidole kimoja kinatosha."

Mwenye baiskeli, Severina, amesimama pembeni, mikono kifuani. Anauza maziwa, lita ishirini na mbili kila siku, kutoka kwake mlimani. Akipanda baiskeli ni dakika arobaini. Miezi mitatu sasa anashuka akiikokota, saa mbili na nusu, na migahawa miwili imeshahamia kwa muuzaji mwingine.

Sababu fundi anaijua. Alijifunza kazi kwenye gereji ya malori Nyololo, na huko oili ya breki ni oili ya breki. Akaimimina hiyohiyo ya lori kwenye baiskeli ya mama wa watu. Wiki mbili tu, sili za mpira zinazozuia oili zikavimba, oili ikavuja, breki ikagoma katikati ya mteremko. Severina akasimamishwa na shamba la viazi la jirani.

"Nilivuna kwa magoti," anasema. Hacheki.

Yotamu hakujitetea. Alipanda basi hadi Iringa kwa fundi anayehudumia baiskeli za watalii, akarudi na sili mpya, chupa ya oili inayotakiwa na aibu yake yote.

Ila na Severina ana lake. Kabla ya ajali hiyo, fundi alimwambia kwamba breki ikilegea ni upepo, utolewe. Ilipolegea, akautoa kweli: wa tairi zote mbili.

"Alifika hapa anasukuma chapati," Yotamu anakumbusha, na hapo mama anacheka mpaka anashika kiuno.

Kazi inakwisha. Fundi anafuta diski kwa spiriti, anausogeza mkono wa breki ufikiwe na vidole vifupi vya Severina. Anamkabidhi baiskeli. Severina haipokei.

"Panda wewe kwanza, baba. Na madumu yangu ya maziwa yajae maji."

Yotamu ametengeneza breki miaka ishirini, lakini mteremko huwa anaushuka kwa miguu. Anakokota mzigo hadi juu, anageuka, anakaa. Mafundi wenzake wanaacha spana. Anashuka kasi, macho yamemtoka, kisha kidole kimoja kinabana. Baiskeli inasimama hatua mbili kutoka kwa Severina, kimya, maji hayajamwagika.

Severina anaubana mkono wa breki mwenyewe, mara mbili, polepole.

"Ndaga, asante fundi. Kesho nashuka nimekaa."

Yotamu ana ndoto ya kubandika kibao cha breki za baiskeli, kazi anayoamini itamtoa. Bati lipo, rangi ipo. Hataandika neno mpaka Severina ashuke wiki nzima salama.