Shubiri Tano za Mti wa Zelinda

Wifi yangu Zelinda alificha ugonjwa wake miezi minane, na ushahidi wote ulikuwa uani kwake, mbele ya macho yangu. Sijajisamehe.

Mhogo wetu ni mchungu. Usipokamuliwa vizuri, mkate wake unaua. Tunaukuna, tunaushindilia ndani ya matapi, ule mfuko mrefu wa kusukwa, na kuutundika kwenye boriti. Kitanzi cha chini kinapitishwa mti, ncha moja ya mti imechomekwa kwenye tundu la nguzo, na mwanamke anaukalia. Mfuko unavutika, unakonda, sumu inachuruzika.

Nilipoolewa na kaka yake nilikaa karibu na nguzo, nikajirusharusha kama kichaa, nikapata matone. Zelinda alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wifi, mti haujali jasho lako. Sogea nje. Uzito wako ni uleule, lakini kule mbali unakuwa wa wanawake watatu."

Nikasogea, maji yakamwagika. Yeye mwenyewe alikuwa na mwili wake, alikaa katikati ya mti tu, na pale katikati palikuwa pameng'aa kwa kukaliwa miaka ishirini.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, nikamwona amesogea kidogo. Nikamuuliza kama ananikimbia. Akasema anafuata kivuli. Baadaye akasogea tena, nikamwambia karibu atafika jikoni kwangu. Alikuwa anavaa sketi mbili, nikamtania kwamba anatafuta mume. Alipofika nchani kabisa, akakata mti mwingine mrefu zaidi, na mimi huyohuyo nikamsaidia kuubeba huku nikimwita mvivu.

Muuguzi alikuwa anakuja na pikipiki kila mwezi. Zelinda hakwenda hata mara moja. Mama yake alipelekwa hospitali ya mjini akarudi ndani ya jeneza, na yeye aliapa kufia kwake.

Siku moja nilimkuta amekaa kwenye ncha ya ule mti mrefu, miguu inaning'inia, na mfuko hautoi kitu.

"Wifi," akasema, bila kuniangalia, "njoo ukae na mimi."

Nikakaa. Nyonga yake ikagusa yangu, mfupa mtupu. Maji yakaanza kumwagika, na sote wawili tulijua ni uzito wa nani. Nilimbeba mwenyewe hadi kwa muuguzi, naye hakutulaumu, alisema tu kwamba mwanzoni mwa mvua ugonjwa ule ungetibika.

Alikufa baada ya wiki tatu, nyumbani kwake, kama alivyotaka.

Mkate wa matanga niliukamua mimi. Mti wake wa zamani ulikuwa bado umeegemezwa ukutani. Nikaulaza magotini nikapima kwa mkono, kutoka pale palipong'aa hadi nchani. Shubiri tano. Na kila shubiri nilikuwa nimeitolea mzaha wake.