Mume wa Kasuku

Sururu alifika mapema kuliko wenye shughuli. Mchimbaji huanza kazi kabla jua halijakaza, na mazoea hayana huruma. Hata ukiwa na msiba yanakuamsha.

Alisimama nje ya darasa, kofia mkononi. Shati lilikuwa lake. Viatu vilikuwa vya mkwewe, mume wa binti yake, navyo vilimbana vidole kama vina kesi naye.

Mtaani kwao hakuna anayemwita kwa jina la kuzaliwa. Ni Sururu tu, kwa sababu ya kazi. Alichimba mashimo ya vyoo tangu ana ndevu za kuhesabika. Sururu, koleo, ndoo na kamba. Yeye chini, mwenzake juu anavuta udongo. Kazi hiyo haina kustaafu. Unaiacha siku mgongo ukikataa, na wake ulikataa mwaka juzi. Kila nyumba ya mtaa ule ina shimo lake nyuma. Watu huwaonyesha wageni sebule. Hajatokea wa kumpeleka mgeni chooni akasema, tazama fundi alivyonyoosha ukuta.

Mkewe alikuwa muuguzi. Alisoma mpaka kidato cha sita. Sururu hakukalia dawati hata siku moja. Walikutana siku ukingo wa shimo ulipomporomokea. Walimtoa hai, wakamkimbiza zahanati, na msichana mwenye sare nyeupe akamtoa mchanga masikioni kwa pamba, huku anamgombeza kama mtoto. Mwaka uliofuata wakaoana. Watu walisema, wakasema, wakachoka. Mdomo nao ni kiungo.

Sasa mkewe hayupo. Asubuhi alilalamika kichwa, jioni amekata kauli. Kaka zake walikuja na gari wakamchukua, wakaenda kumzika kwao. Maneno walisema wao, pole walipokea wao. Sururu alisimama nyuma ya watu kama aliyepita njia. Kaka mkubwa alimwendea mara moja tu, kumpa koleo.

"Kamata. Wewe ndiye mwenye mkono wa kazi hii."

Hata shemeji hakumwita. Sururu akalipokea koleo, akamfukia mkewe.

Ndiyo maana alikuja pale. Wanafunzi waliosoma na mkewe hukutana kila mwaka katika darasa lao la zamani, siku shule imefungwa. Walisikia msiba baada ya mazishi. Mmoja wao akapiga simu ya marehemu, akasema kwa haraka, "Mume wa Kasuku wetu aje, tumpe pole." Sururu akajibu, "Nimesikia." Hakuwa mtu wa maneno. Wala hakujua kwamba mkewe aliitwa Kasuku.

Alitaka kitu kimoja. Aitwe shemeji. Mara moja tu, mbele za watu waliomjua mkewe. Basi.

Kila mwaka alikuwa akimwuliza mkewe, "Mama, na mimi nije?" Naye alijibu, "Huko ni wanafunzi tupu, baba. Wake na waume hawaruhusiwi." Sururu hakuuliza zaidi. Shule ina sheria zake.

Wakaanza kuingia. Wazee watupu, vitambi mbele, fimbo mkononi, wanasukumana kama watoto wa darasa la kwanza. Madawati yalikuwa yale yale ya mbao, na matumbo hayakuwa yale yale.

"Jaji, hilo dawati halikutoshi! Kaa nje usikilize dirishani!"

"Nyamaza, Kidoti. Hili dawati nililikalia kabla hujaota hicho kidoti."

Waliingia na wenzi wao. Sururu aliona kwa macho yake. Ukutani kulikuwa na benchi refu, na wanaume watatu walikwenda kukaa pale, wakisalimiana kwa mazoea. Mama mmoja mrefu aliyekuwa anapanga viti akawatania, "Mashemeji, benchi lenu msilivunje!" Katikati ya benchi waliacha nafasi ya mtu mmoja.

Sururu akaitazama nafasi ile. Kumbe wanaruhusiwa.

Yule mama mrefu alimwona mlangoni. Huyo ndiye Monita. Zamani alikuwa kiongozi wa darasa, baadaye mkaguzi wa shule, na hata leo anaongea kama ana chaki mkononi.

"Karibu, mzee. Wewe ni wa nani?"

"Wa Kasuku."

"Aa! Wewe ndiye uliyepokea simu. Pole sana, na wewe umempoteza mama mwenye nyumba." Akachungulia nje. "Mhandisi yuko wapi? Anaegesha gari?"

"Mhandisi gani?"

"Jamani, bosi wako! Mume wa Kasuku. Leo asiseme yuko kwenye madaraja yake, leo hatukubali. Miaka yote tunaambiwa yuko safarini, anajenga daraja. Sijui anajenga mpaka mbinguni." Akacheka, kisha akajifuta jicho. "Tumemwachia nafasi pale. Wewe kaa hapa mlangoni, ukimwona uniashirie."

Akamwekea kigoda karibu na ndoo ya maji.

Sururu akakaa. Mtu akiporomokewa na udongo hapigi kelele. Kelele zinajaza mdomo mchanga. Anatulia, anatafuta pa kuvutia pumzi.

Walianza desturi yao. Monita anakuita kwa jina la utani, unasimama, unajibu "Nipo," halafu unasema mambo matatu: kazi uliyofanya, watoto, na uzee unavyokwenda. Ukidanganya wenzako wanakuzomea.

"Jaji!"

"Nipo, ila magoti hayapo." Wakacheka. "Nimefunga watu miaka mingi. Sasa nafungwa na kibofu. Sithubutu kwenda safari ndefu. Watoto watatu, wote ng'ambo. Nawaona kwenye simu, vichwa vitupu, sijui kama wana miguu. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani. Ya nini? Sina pa kuchelewa."

Hapo hawakucheka sana.

"Kidoti!"

"Nipo. Nimeuza dawa hadi nimeanza kuzinywa. Mume wangu yule pale kwenye benchi, mkimtaka mchukueni, hasikii upande mmoja na ndio upande ninaolala." Benchi likaangua kicheko. "Uzee? Uzee ulikuwa mzuri nikiwa na wa kumpigia simu asubuhi. Sasa ninashika simu, ninaiweka." Akakaa ghafla. Huyo ndiye aliyekaa dawati moja na Kasuku.

Sururu alikuwa anasikia nusu nusu. Nusu nyingine ilikuwa inauliza: kwa nini, mama? Nilikukosea wapi? Ulikuja kwangu kwa miguu yako. Nilijipaka sabuni mpaka ngozi ikachubuka kabla ya kukaa na wewe mezani. Bado nilinuka?

Kisha wakaanza kumzungumza Mhandisi, maana kasubiriwa mpaka basi.

"Mwanaume yule," alisema Kidoti, "kila asubuhi anamchemshia maji ya kuoga. Kila asubuhi, jamani! Hata Kasuku akiwa zamu ya usiku, anarudi anakuta maji ya moto."

"Na karanga," alisema Monita. "Anamenya yeye, anamwachia mkewe za kula. Yeye mwenyewe hapatani nazo."

"Na akiota ndoto mbaya anaamka anamhesabia vidole, kuhakikisha wote wawili wako hai."

Sururu aliinamisha kichwa. Maji yalikuwa yake. Leo pia aliyachemsha, akayatazama, akayamwaga. Karanga zilikuwa zake. Vidole vilikuwa vyake, tangu lile shimo. Mkewe hakubuni mtu. Alimchukua yeye mzima mzima, akamvua kazi tu, akamvika nyingine.

Lakini Sururu nje ya kazi yake alikuwa nani? Hakujua. Hajawahi kuwa kitu kingine.

"Kasuku!" aliita Monita.

Darasa likatulia. Kwa aliyetangulia, husimama mtu wake, ajibu kwa niaba yake. Macho yote yakaenda kwenye ile nafasi ya benchini. Tupu. Wanaume watatu wakatazama chini.

"Mhandisi hakuja," alisema Jaji polepole. "Hata leo?"

Minong'ono ikaanza. "Si unaona?" "Labda ameshaoa." "Labda hakuwapo huyo Mhandisi, ni maneno ya Kasuku tu. Si ndiyo maana tulimwita Kasuku?"

Hili la mwisho lilimchoma Sururu. Akiinuka aseme mume ni mimi, mchimba vyoo, wataambizana leo leo kwamba Kasuku alikuwa mwongo. Watamzomea, ndiyo sheria yao. Na maiti hajitetei. Asiposema, nafasi ya benchini itabaki tupu, naye atatoka kama alivyotoka makaburini. Mguu mmoja uko hapa, mwingine kule, na chini shimo.

Akasimama.

"Mhandisi yupo," alisema. "Anaumwa. Amenituma mimi."

"Aa," darasa likashusha pumzi.

"Basi jibu wewe, mzee," alisema Monita. "Unamjua bibi yako. Kazi?"

"Aliwaosha wasiojiweza. Hakuziba pua."

"Watoto?"

"Alizaa wawili. Mmoja hakukaa. Binti yupo, ameolewa."

"Uzee?"

Sururu akaigeuza kofia mkononi. "Alisema akistaafu atalala mpaka jua liingie dirishani. Hakulala. Alikuwa anaamka usiku, anakaa kitandani, anasikiliza kama kuna mgonjwa anaita. Alikuwa amechoka. Hakusema. Mimi... Mhandisi alimwona, akadhani kesho atasema."

Mtu akapenga kamasi.

"Na Mhandisi je?" aliuliza Jaji. "Anakula?"

"Akikumbuka."

"Mwambie ajikaze. Mwanaume hafi na mkewe."

"Nitamwambia."

Walipiga makofi kumshukuru. Wakamsifu Mhandisi kwa kuwa na mtumishi mwaminifu. Kisha Monita akamwita wa baada ya Kasuku, na Sururu akatoka.

Alikuwa amefika getini Kidoti alipomfuata, anahema, kifurushi cha chakula mkononi.

"Mzee, ngoja! Mpelekee hiki. Nimemtengea bila chumvi, ana presha. Kasuku alikuwa anambebea kila mwaka, hata kabla sisi hatujajaza sahani zetu."

Sururu alikitazama. Foili imekunjwa pembe nne, kama zawadi ya mtoto. Akashindwa kuvumilia.

"Mama," alisema, "mume wake ni mimi."

Kidoti alimtazama viatu, akapanda mpaka kofia. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali.

"Mzee wangu, usiseme hivyo. Si vizuri."

"Ni mimi. Maji nachemsha mimi. Karanga namenya mimi."

"Si umeyasikia humo ndani sasa hivi?"

Ni kweli, yote yalikuwa yameshasemwa. Akatafuta kingine. Alijua kovu la mkewe, lakini lilikuwa mahali ambapo mume tu hupajua, na mahali hapo hapasemwi njiani kwa mwanamke wa watu. Alijua anavyokoroma. Alijua wimbo anaoimba akisonga nywele. Nani asiyeweza kuimba?

"Umesema mwenyewe mbele yetu anaumwa, amekutuma," alisema Kidoti. "Ulikuwa unadanganya pale, au unadanganya hapa?"

"Pale."

"Kwa nini umdanganyie mtu aliyekufa?"

Jibu lilikuwepo. Lakini kulisema ni kumweka Kasuku barabarani azomewe, na hilo ndilo alilolikataa ndani. Sururu akavitazama viatu vya mkwewe.

Kidoti akamshika mkono, ule wenye sugu, akaupigapiga kwa upole kama anavyofanyiwa mgonjwa. "Umemtumikia miaka mingi, unampenda, nakuelewa. Msiba unachanganya watu. Lakini usirudie maneno haya kwa mwingine, watakufikiria vibaya. Mimi namjua mume wa Kasuku. Nimemsikia maisha yangu yote." Akamwekea kifurushi mkononi. "Kisipoe. Na mwambie Mhandisi, shemeji zake wote tunamsalimu."

"Nitamwambia," alisema Sururu.

Akaondoka. Penye kona, shule ilipopotea, akakaa juu ya ukingo wa mtaro, akavua vile viatu, akafungua foili. Nyama, viazi, kipande cha keki kilichobonyea. Alikijua hata kwa harufu. Kila mwaka mkewe alirudi nacho, akakaa mkabala naye jikoni, viwiko mezani, akimtazama anakula na asiseme neno.

Alikula chote, polepole, kama alivyokula miaka yote. Ila safari hii alijua ni cha nani.